Majina ya Sehemu ya Pili

Filamu yenyewe ilipigwa katika kinu cha ngano kilichokufa,
mwendo wa nusu saa kutoka hapa Tartu.
Chombo cha angani: madebe ya maziwa na lehemu.
Na ile ngurumo ya injini, sasa naweza kuwaambia,
ni cherehani ya shangazi yangu Hilja
akishona pazia, maikrofoni iko chini ya meza.

"Taa ya Saba" ndilo jina lake.
Sita zinazimika, moja baada ya moja.
Chini ya hiyo iliyobaki nahodha anasimama,
anavaa glavu,
anafungua mlango,
na skrini inabaki nyeupe.
Basi. Hapo ndipo fedha zilipokwisha.
Wapo wanaosema ni sanaa,
nami sibishani na watu wanaonipa lifti.

Sehemu ya pili haikuja.
Tumeingoja miaka thelathini na mmoja
kama mtu anayengoja chenji
kwa muuza duka aliyekwisha kulala.

Kwa hiyo kila Februari, theluji ikiwa magotini,
tunajazana katika sinema ya Urmas,
viti arobaini, vinne havikaliki,
tunaitazama tena,
tunasema maneno ya nahodha kabla yake,
kisha kila mtu nyuma ya tiketi yake
anaandika jina la filamu isiyokuwepo,
analitumbukiza katika kopo la biskuti.
Msomaji ni mimi. Nina sauti, hawajaniona na kazi nyingine.

"Taa ya Nane: Koroboi Yalipiza Kisasi."
Huyo ni Kaarel. Kwake kila kitu hulipiza kisasi,
mwaka jana ilikuwa debe.
"Taa ya Nane: Nani Kalipa Umeme?"
"Nahodha Rudi, Umeacha Jiko Linawaka."
"Funga Mlango, Baridi Inaingia,"
nikamtazama Tiiu, aliyeketi karibu na mlango wetu,
na kumbe hakuwa akitania.
Ülo, mwalimu wa fizikia, alihitaji tiketi mbili:
"Taa ya Saba na Nusu, au Kwa Nini Glavu Zile
Zisingemfaa Kitu Katika Ombwe."
Na Urmas, kutoka kwenye kidirisha cha projekta,
asiyejua kungoja zamu:
"Taa ya Tisa! Ya Nane Imepotelea Posta!"

Tulicheka mpaka mbavu zikaomba radhi.
Mtu alimwaga chai. Mtu akakalia kiti kibovu.

Kisha nikatoa karatasi ya Mirtel,
mtoto wa dada yangu, miaka saba,
aliyeletwa kwa sababu yaya aliugua.
Herufi kubwa, ndogo, moja imegeuka nyuma mbele:

"Taa ya Nane: Alifika."

Nikasoma, nikangoja kicheko.
Hita ikalia tik, tik.
"Hilo si jina," akasema Kaarel, "hiyo ni habari."
"Afike wapi," akauliza Ülo, "kwa oksijeni ipi?"
lakini alikuwa amevua miwani,
anaifuta kwa skafu, anaifuta, haitakati.
Miaka thelathini na mmoja ya utani,
na hakuna hata mmoja wetu
aliyethubutu kumfikisha yule mwanamke popote.

Shangazi Hilja akavuta mkono wangu.
Sikio lake la kushoto lilibaki katika ile cherehani.
"Kaandika nini?"
"Kaandika alifika."
"Nani?"
"Nahodha, shangazi. ALIFIKA."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa
kama Jumatatu hufuata Jumapili.
"Kwani ninyi mlidhani
nilikuwa nashona pazia la nani?"

Mirtel alikwishalala, buti moja mguuni,
moja chini ya kiti cha mbele.
Zawadi, chupa ya matango ya siki,
hakuna aliyekumbuka kuitoa.
Nadhani Kaarel aliondoka nayo.